Police Mupya ya Bihambwe

Muheshimiwa Mwakilishi wa bakubwa benye hawakufika sababu ya barabara. Muheshimiwa Musaidizi wa Mwakilishi, mwenye iko hapa na anasinzia. Bwana Chef wa groupement. Bapasta, bapadri na bachungaji, wa roho na wa ng'ombe. Madame Adelaïde, mwalimu wa la sixième, darasa ya sita, mwenye ananikazia macho tangu nishuke mu gari. Bazazi ba Bihambwe, na ninyi bandugu ba Bweremana munaokuja kila fasi yenye kunasikika soda: nawasalimia kwa jina la Programme ya Kusoma Bila Karatasi, mimi Magloire, Coordonnateur, mukubwa wake, muntu munyenyekevu kuliko banyenyekevu bote ba Masisi. (Makofi kidogo.)

Batoto benu bataandika examen mwezi ujao, na hawajashika kitabu hata kimoja. Programme ililia machozi! Ikafanya kikao cha atelier, ikafanya kikao kidogo cha sous-commission, ikafanya atelier ya kuelewa sous-commission, na leo nabatangazia rasmi kwamba kwa kitabu chenu cha électronique, cha kusomea ku kioo, tumeleta police mupya! (Vigelegele. Papa Mbonigaba, mukulima wa maharagi, anaruka: «Mungu iko! Benye kuiba ng'ombe zetu bataona moto!»)

Hapana, Papa. Ikala. Si police ya bunduki. Police, kwa Kifaransa ya ba-informaticiens, bafundi ba kompyuta, njo sura ya herufi: vile «a» inajipinda, vile «b» inabeba tumbo. (Bamama benye walisimama banaikala tena.)

Munanuna? Hamujui kazi yenye iko ndani! Kitabu kile kile kinafunguliwa ku simu yenye kioo imepasuka, ku tablette ya pasta, ku liseuse ya kusomea vitabu tu, na kila moja iko na kichwa ngumu yake: huyu anataka herufi kubwa, huyu anakata mustari katikati, na yenye haina police yetu inatupa kasanduku katupu fasi ya «ï», mupaka jina ya Madame Adelaïde inabaki na shimo. Ndiyo maana police lazima iingizwe ndani ya kitabu chenyewe, isafiri nacho! Tukabishana: herufi ya mikia, ile yenye tumistari tudogo ku miguu, ao bila mikia? Wale ba mikia wakatoka mu kikao kwa hasira, wale ba bila mikia wakabakulia kuku. Nikakata mimi mwenyewe: mikia ku liseuse, bila mikia ku simu. Uchunguzi wetu unaonyesha asilimia mia moja na kumi ya bazazi bameridhika. (Kicheko nyuma. Coordonnateur anafikiri ni furaha.)

Ndiyo, Madame, sema, lakini kwa kifupi.

(Madame Adelaïde: «Papa Coordonnateur, kitabu iko wapi? Mwaka jana batoto bangu bote bali-échouer, walianguka examen. Leo beko ku machimbo ya Omate, banachimba mawe ya madini. Hawa nao munataka baende kule?»)

Eh! Madame, uchungu wako unanigusa, na nimeuweka mu rapport, tena kwa police ya mikia. Lakini haraka haraka haina baraka! Kwanza sura, kisha mengine. Muntu anavaa koti mbele ya kuwa na mwili? Ndiyo! Mu Programme yetu, ndiyo! (Musaidizi wa Mwakilishi anaamka, anapiga makofi.)

Sasa semeni na mimi: Herufi nzuri! (Sauti moja: «Nzuri.») Mikia juu! (Bandugu ba Bweremana banauliza soda.)

Namalizia kwa kushukuru. Asante kwa bafadhili, benye walilipia vikao vyote. Asante kwa fundi wa police. Mwandishi simushukuru, sababu hatukutafuta mwandishi. Kitabu, kusema ukweli wa Mungu, hakuna muntu alikiandika. Lakini njo ushindi wetu huo, bandugu! Tulikijaribu ku simu, ku tablette, ku liseuse, na kote kinaonekana sawasawa: ukurasa mweupe, safi, bila herufi hata moja yenye kuharibika. Hata kule Omate, batoto benu batakisoma hivyo hivyo.