Njia ya Chooni Inapita kwa Mama Mkwe

Jumatano, 2 Januari 2008

Mtaa wetu wa Laini Saba unawaka tangu matokeo ya uchaguzi. Tumehamia Kawangware, chumba kimoja kwenye ploti ya Chege, mwenye nyumba. Na mama mkwe! Mama Ndunge, mama wa mke wangu, alikuja Krismasi kutoka Kitui, sasa magari hayaendi. Analala kwa jirani. Kutwa yuko kwenye kigoda, katika kichochoro cha kwenda chooni, anachambua maharagwe.

Mionzi ya tezi dume nilimaliza Desemba. Daktari anasema saratani imetulia. Tumbo halijaambiwa. Likiita, haliiti mara mbili. Chakula laini tu, alisema, na choo kiwe karibu. Kiko karibu. Lakini Mkamba hapiti mbele ya mama mkwe akikimbilia choo, ameshika mkanda! Nimemwapisha mke wangu Wanza asimwambie mama yake kitu. Afadhali nife.

Ijumaa, 4 Januari

Wazo! Ploti inatafuta walinzi wa geti. Geti limepakana na choo. Nimejitolea zamu ya mchana, pamoja na vijana wawili. Natoka alfajiri, mama mkwe hajaamka. Chege akasema wanaume wa aina yangu wamebaki wachache. Sikumpinga. Ufunguo wa geti uko mfukoni mwangu.

Mchana ikaja sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, kutoka kwa mama mkwe. Na chupa ya chai, sikuifungua. Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Nimekula mpaka nikakwangua.

Jumamosi, 5 Januari

Balaa. Gesi ya machozi barabarani, watu mbio, vijana wa geti pia. Nami mbio: chooni. Mara Chege anagonga geti kutoka nje, anakohoa, analia: "Mutuku, fungua bana, nakufa!" Nikamjibu kutoka chooni, kwa sauti ya kamanda, kwamba hali inachunguzwa. Akauliza inachunguzwa na nani.

Mama mkwe ndiye aliyevunja kufuli. Kwa jiwe.

Jumatatu, 7 Januari

Kikao cha ploti. Chege, macho bado mekundu, anataka tuhame leo. Twende wapi? Laini Saba ni moshi. Wanza akanikazia macho: sema. Nikasema nilimwona adui nyuma ya choo. Chege akauliza adui gani huyo wa kufukuzwa ukiwa umechuchumaa.

Hapo mama mkwe akanipa mgongo, kama heshima inavyotaka, akazungumza na ukuta. Akauambia ukuta kwamba mume wa Wanza alipigwa mionzi, tumbo linamsumbua, naye amejua tangu Novemba. Kwamba anakaa kichochoroni kuwafukuza wengine, mkwe akija akute choo kitupu. Kwamba angesikia viatu vya mkwe angegeuza uso. Kwamba isyo ilikuwa ya vijana wa geti. Uji wa mgonjwa ulikuwa kwenye chupa. Ukuta umuulize mbona hakufungua.

Ukuta haukuniuliza. Chege alicheka mpaka akakohoa tena. Tumebaki. Nimepewa ufunguo wangu wa choo.

Jumatano, 9 Januari

Ploti nzima inanipisha kama gari la wagonjwa. Wananipa pole! Siwezi kuhurumiwa. Leo mpangaji mpya, Irungu, akauliza mbona nina ufunguo peke yangu. Nimemwambia mimi ni mkaguzi wa vyoo wa serikali, kwa siri. Aliniheshimu papo hapo. Jumamosi ananipeleka Kangemi nikakague choo cha shemeji yake. Watachoma mutura, utumbo uliojazwa nyama, pilipili tele.

Wanza anasema nimepata wazimu. Hajui kazi ya serikali.