Vibuyu Kumi na Viwili vya Maji ya Bondeni

Jumanne, 4 Julai 1905. Mwezi mosi, Mfunguo Nane. Kibiti.

Leo natimiza miaka thelathini na mmoja tangu niondoke Kiongoroni. Niliondoka kwa siku tatu tu. Nilikuwa nimewachimbia watu wa kisiwa kile birika la kutawadhia msikitini, kazi ya vipimo sahihi kabisa, na bahari ikaingia ndani yake maji yalipojaa bamvua ya kwanza. Wakacheka. Imamu naye alicheka! Nikasema nitakaa Kibiti mpaka waje kuniomba radhi. Bado nangoja.

Hapa wananiita Mzee wa Kiongoroni. Nimezika watoto wawili katika udongo huu. Nimelipa kodi ya kibanda tangu ilipoanza. Nimelima pamba ya serikali kwa mikono hii. Na bado ni mgeni.

Habari kubwa: Akida Bashiru ameita baraza. Sanduku la mji linatosha jambo moja tu, na yameletwa matatu: kisima cha mtaa wetu wa magharibi, paa la soko, na nyumba ya kupumzikia Wadachi wapitao. Moja! Kodi tunatoa sote, kisha tunaulizwa kama tunapenda zaidi kunywa au kukaa kivulini.

Wanawake wa mtaa wetu wanateka maji bondeni, katika shimo wanaloshirikiana na nguruwe mwitu. Mwanamize, mke wangu, ana magoti yanayolia kama mlango mkavu. Kila siku huenda na kurudi. Kisima atakipata. Naapa.

Anayetaka paa la soko ni Habibu, mwuza nguo. Lazima awe Habibu! Ana kisima chake uani, chenye ukuta wa mawe, basi kiu ya wenzake itamhusu nini? Miaka tisa iliyopita, arusi ya bintiye, alinikalisha penye viatu. Tangu siku ile nimeikataza nyumba yangu isiguse hata tone la maji yake.

Ijumaa, 7 Julai.

Nimepima njia ya bondeni kwa hatua. Baraza halibishani na hesabu.

Nilipofika hatua ya 1,306, jirani yangu Mshamu akaniamkia, akataka habari za nyumbani, za magoti na za mihogo. Hesabu ikapotea. Nikarudi mlangoni, nikaanza upya. Safari ya pili akaniuliza nimeangusha nini. Ya tatu sikumjibu. Kufikia alasiri mtaa mzima umeinama majanini, unatafuta pete yangu ya fedha. Sina pete ya fedha. Na wameipata! Wanawake wawili wanaigombania, na kila mmoja anataka mimi niwe shahidi wake.

Hatua 2,140. Nimeziandika kwa wino.

Chai ya leo tamu sana. Nikamwambia Mwanamize kwamba kumbe maji ya bondeni yakichemshwa kwa subira hayana ubaya. Akasema, ndiyo, bwana. Hapo nikakasirika, maana hoja yangu mbele ya baraza ni kwamba hayanyweki. Nimemwagiza asiyachemshe vizuri mpaka baraza lipite.

Jumatano, 12 Julai.

Nimemwendea Tamimu, karani wa akida. Kijana wa kalamu mbili sikioni na salamu nusu. Nikamwuliza baraza litashawishika kwa nini. Akasema, Mzee wangu, tafadhali, si kwa maneno. Akanikumbusha kwamba mwaka jana nilisimama kuzungumzia barabara baada ya adhuhuri, na alasiri ikaadhiniwa nikiwa bado kwenye utangulizi. Utangulizi ule ulikuwa muhimu! Akasema mkubwa wa Kidachi kule Mohoro anataka kuona kitu mezani. Akida naye anataka anachotaka mkubwa.

Kitu mezani. Vema! Nitawawekea maji yenyewe. Nyumba kumi na mbili, wanawake kumi na wawili, vibuyu kumi na viwili vya maji ya bondeni. Wanuse!

Kurudi nyumbani nikacheleweshwa barabarani. Makundi ya watu yanapita siku hizi kwenda kusini, ng'ambo ya mto, kwa mganga wa Ngarambe. Wanarudi na dawa yao vibuyuni, wamejifunga mabua ya mtama kichwani. Inasemwa ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi haikupati. Nimengoja wapite watu hamsini na sita. Hakuna hata mmoja aliyesema hodi.

Jumanne, 18 Julai.

Mazoezi. Wanawake wote kumi na wawili wamekuja. Kiongozi wao Bi Mwantum, mjane, sauti kama ya mwadhini. Nimeagiza wasiseme neno. Wakitembea kimya, baraza litatishika.

Nilitaka wavae alama moja ili waonekane ni watu wa shauri moja. Kitambaa chekundu kingefaa. Lakini kitambaa chekundu kinauzwa na Habibu peke yake, na pesa yangu haitaingia mkononi mwake nikiwa hai. Nikakumbuka wale wapita njia. Bua la mtama kichwani! Halina gharama, linapendeza, tena mashambani yamejaa. Bi Mwantum akauliza kama hatutadhaniwa vibaya. Nikamwambia tutadhaniwa watu wenye mpango.

Kisha kila mmoja atatumbukiza vidole kibuyuni, awanyunyizie wajumbe viganjani wapate harufu.

Mwanamize alikuwa anachambua mchele. Akasema, mume wangu, mwezi huu usiwatembeze wanawake na vibuyu. Nikamwuliza amehutubia mabaraza mangapi. Akasema hakuna. Basi!

Jumamosi, 29 Julai.

Limeahirishwa! Tumefika na vibuyu, Tamimu anatuambia kwa mbali, bila hata kutoka mlangoni, kwamba baraza ni Jumamosi ijayo. Ati kuna fujo Umatumbi, watu wanang'oa pamba ya serikali. Nakiri moyo wangu ulicheka kidogo. Pamba ile imetuvunja migongo, na malipo yake hayajai kiganja. Lakini kwa nini waing'oe wiki ya baraza langu? Namwona Habibu katika jambo hili. Mtu aliyeweza kunikalisha penye viatu anaweza kupanga hata fujo.

Maji tumeyaacha vibuyuni yakae wiki nzima. Yatanuka zaidi. Kila kuchelewa kuna faida kwa mtu mwenye akili.

Jumamosi, 5 Agosti.

Naandika kwa penseli, nimekalia gunia, ndani ya ghala la pamba. Nimefungwa.

Tulipanda kutoka bondeni kwa mstari mmoja. Mimi mbele, kanzu nyeupe, fimbo. Nyuma yangu wanawake kumi na wawili, mabua ya mtama kichwani, vibuyu mkononi, kimya kabisa. Ilipendeza mno. Watu wa sokoni wakatuona, wakakimbia. Nikadhani wanakimbilia kupata nafasi barazani.

Mlangoni kwa akida palikuwa na askari wanne, jambo ambalo si la kawaida. Mmoja akapiga kelele. Mwingine akafyatua bunduki juu, akaangusha kigae. Akida Bashiru, mwakilishi wa serikali, alitoka kwa dirisha la nyuma! Tamimu alikuwa chini ya meza, wino unamdondokea shingoni. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Nikatumbukiza vidole kibuyuni, nikamnyunyizia askari aliye karibu ili apate harufu.

Akaniangukia kwa kitako cha bunduki.

Wanawake wamo upande wa pili wa ukuta wa mabanzi. Wanalia. Askari amesema Mohoro wananyonga watu wenye dawa ya maji, tena jana wamenyonga, na sisi tutapelekwa kesho. Nimemweleza kwamba maji yetu ni ushahidi. Akasema hilo ndilo alilosema yeye.

Bi Mwantum ameacha kulia. Ameita kupitia mabanzi: Mzee wa Kiongoroni, kisima chako hiki kirefu!

Watoto sita anao.

Nimepima ghala. Hatua kumi na nane kwa kumi na moja. Paa la mabati, sakafu imeinuliwa, hakuna tone la mvua linaloingia. Hakuna nyumba mtaani kwetu iliyo nusu yake. Pamba ina paa! Soko halina, msikiti unavuja, watu wanakunywa na nguruwe, na pamba imelala pakavu. Nimelipiga teke gunia. Mguu unauma.

Nimejifunika gunia tupu. Ni baridi tu.

Jumapili, 6 Agosti.

Tumetoka. Sitaki kuandika namna tulivyotoka, lakini mimi ni mtu wa usahihi.

Mwanamize alikwenda kwa Habibu. Habibu! Asubuhi wakaja pamoja, askari wakatuleta uani, akida amesimama mbali sana na vibuyu. Habibu akakichukua kibuyu cha Bi Mwantum, akakipindua kinywani, akakinywa mpaka mwisho. Maji ya wiki moja! Macho yakamtoka. Akachukua cha pili. Kisha akafuta ndevu, akamwambia akida kwamba dawa haiwezi kunuka hivi, mganga angekosa wateja. Tena akasema, huyu mzee hotuba yake ya mwaka jana bado haijaisha, hiyo vita ataianza lini? Hata askari walicheka. Nami nikasimama pale na mguu wangu, nikichekwa mara ya pili katika maisha, na safari hii sikuweza kuondoka kwa hasira kwa sababu nilikuwa nimefungwa kamba.

Yangeishia hapo! Lakini akida akauliza: kama maji ya mtaa huo ndiyo haya, mbona nyumba ya mzee wote wazima? Mwanamize akasema, akida, hatuyanywi. Miaka tisa anateka kwa Habibu, kwa mlango wa nyuma. Bi Mwantum naye. Mtaa mzima! Bondeni wanakwenda kufua tu. Magoti, akasema, ni uzee.

Miaka tisa ya chai tamu.

Nimepima. Mlangoni kwangu hadi mlango wa nyuma wa Habibu ni hatua sitini na nne.

Akida akakata shauri palepale. Mtaa wa magharibi una maji. Soko lingoje. Nyumba ya Wadachi ingoje, maana kwa sasa hakuna Mdachi apitaye bila jeshi. Fedha za mji zitaweka boma la miiba na kufuli la pili kwenye ghala la pamba.

Nilipaza sauti. Nilisema maji ya mlango wa nyuma si maji ya mji! Leo Habibu ni mkarimu, kesho amekufa, mwanawe anaweka komeo, na wanawake kumi na wawili wanarudi bondeni. Haki haitekwi kwa hisani! Nadhani ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasema. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wanamshika Habibu, ambaye alikuwa anatapika.

Jumatano, 9 Agosti.

Habibu yu kitandani, tumbo linamwendesha tangu Jumapili. Mwanamize anampelekea uji. Amesema ninyanyuke nikamshukuru mtu aliyeninusuru na kitanzi. Badala yake nimemwandikia barua ya kurasa mbili, kueleza tofauti kati ya kisima cha mtu na kisima cha watu. Hajajibu. Hana adabu.

Samanga, kule pwani ya kusini, imechomwa moto, na akida ametoroka usiku. Mshamu amefungasha, anasema askari wakija hawataulizana nani alikunywa nini.

Amekuja mjumbe wa ndugu yangu Sharifu kutoka Kiongoroni. Kule visiwani shwari. Nyumba ya baba imeezekwa upya, mtumbwi unatungoja mtoni. Turudi. Nikamwuliza mjumbe, na lile jambo la birika? Hakujua. Akasema lipo shimo nyuma ya msikiti, wanahifadhia kaa wasife kabla ya kuuzwa, linafaa sana. Nikamwuliza, hawasemi kwamba walinikosea? Akanitazama kwa huruma. Akasema, mzee, Sharifu mwenyewe anauliza ulikasirika nini.

Wamesahau! Miaka thelathini na mmoja nimekaa nikingoja radhi ya watu ambao hawakumbuki kosa!

Jumamosi, 12 Agosti 1905.

Mwanamize amekwenda. Mkeka, sufuria, Kurani, mbegu za mpunga. Amesema, baba watoto wangu, nimekufuata siku tatu zikawa miaka thelathini na mmoja, sasa nifuate wewe. Nikamwambia nitakuja kisima kikishachimbwa. Akasema Habibu amepata nafuu, na ameagiza niambiwe kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Nikasema sitaki kuusikia mlango huo. Akaniwekea mtungi uliojaa karibu na kitanda, sikuuliza ameujaza wapi.

Nilihesabu hatua zake mpaka kona ya barabara. Mia nne na kumi na mbili. Hakugeuka. Huenda aligeuka mara moja, nilikuwa naandika.

Mtaa umenyamaza. Nafasi nzuri ya kufikiri. Nimeliona kosa langu sasa: lilikuwa maji. Maji yamewatia wasiwasi. Safari ijayo ni udongo! Udongo wa shimo la bondeni, nitaufunga katika vitambaa vidogo, kila mwanamke avae kimoja shingoni kwa uzi. Mwanamke mmoja atatosha kuanzia. Bi Mwantum hajaondoka, ingawa leo alinifungia mlango. Vitambaa nitachana kanzu, maana kwa Habibu sinunui. Na Akida Bashiru atalazimika kuita baraza siku moja, akitoka huko alikojificha.

Maji ya mtungi matamu. Ya bondeni yana ladha yake ukiyazoea.

Nimemwandikia Sharifu, mstari mmoja. Kiongoroni sitarudi.