Heller za Mwalimu Naftali Madhabahuni

Jumatano, 28 Julai 1954

Nimeamua! Sarafu zangu za Mjerumani nitaipa shule ya misheni hapa Moshono, nilikofundisha mpaka nikastaafu. Zipo heller, sarafu kadhaa za shaba zilizoitwa pesa, na rupia moja ya fedha. (Heller mia zilikuwa rupia moja. Vijana hawajui.) Zitakaa ukutani katika sanduku la kioo, chini yake kibao chenye jina langu.

Kwa nini sasa? Sadoki! Mwaka jana Mzee Sadoki, mwenye kahawa nyingi na elimu kidogo, aliipa shule saa ya ukutani iliyoandikwa jina lake. Kila mtoto akitazama saa, anasoma Sadoki. Mimi nimefundisha hapo nusu ya maisha yangu, na ukutani sina hata herufi.

Mke wangu Eunike ameuliza nani anataka hela zisizonunua hata chumvi. Nikamweleza maana ya historia. Alilala katikati ya maelezo.

Ijumaa, 30 Julai

Nimemwona mwalimu mkuu, Mika, mwanafunzi wangu wa zamani. Shikamoo ya heshima. Amefurahi sana, akaniomba nizilete Jumatatu, watoto wakiwa mstarini.

Jumatatu! Nani ataona? Keshokutwa ni Sikukuu ya Mavuno. Watu wa mlima mzima watakuwa kanisani, na Sadoki benchi la mbele. Nitaziweka madhabahuni pamoja na mavuno, mchungaji aziombee, ndipo ziende shule. Mika alijikuna kichwa, akasema Mwalimu, Jumatatu ingefaa zaidi. Kijana mwema, ila haoni mbali.

Jumamosi, 31 Julai

Nimezisugua kwa majivu na mchanga. Zinang'aa kama vijiko vya harusi! Sharubu za Kaizari kwenye rupia zimeondoka, na tai wa kwenye pesa sasa anafanana na kuku. Si kitu. Kibao kitaeleza.

Jumapili, 1 Agosti

Ushindi! Lakini nieleze kwa utaratibu.

Niliweka mkebe wangu madhabahuni, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo. Mchungaji akabariki vyote. Baada ya ibada, vyote vikatolewa nje kunadiwa, kama kila mwaka. Kama kila mwaka! Nimesimama kwenye minada hiyo tangu ujana, na sikuwaza kwamba mkebe ungemfuata jogoo.

Mnadi alikuwa Loishiye, mzee wa kanisa. Aliutikisa mkebe, akauliza nani anataka vifungo vya Mwalimu. Nikamwambia haviuzwi. Akajibu, watu wakicheka, kwamba kilichofika madhabahuni ni cha Bwana, na hilo nilimfundisha mwenyewe darasa la kipaimara. Kweli nilimfundisha. Tena kwa mifano.

Hapo Sadoki akainua fimbo. Shilingi tano! Nikamwelewa mara moja: anunue yeye, aipe shule yeye, kibao kisome Sadoki. Nikasema sita. Akasema kumi, akaniuliza kwa sauti kama pensheni inaruhusu. Nikapanda. Akapanda. Mfuko ukakauka. Nikamtaja beberu!

Vigelegele! Eunike hakupiga. Beberu ni wake.

Sadoki alicheka mpaka akaegemea fimbo, akasema nichukue tu, yeye alitaka mkebe wa kuwekea tumbaku. Uongo mtupu. Ameshindwa mbele ya usharika mzima! Mchungaji alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kuona mtu akitoa sadaka, kisha akainunua kwa furaha namna ile.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimezikabidhi. Watoto wamesoma jina langu kibaoni kwa sauti moja, kisha tena, kwa ombi langu. Sanduku liko chini ya saa ya Sadoki, lakini ni pana zaidi. Nimewaeleza historia ya heller mpaka kengele ya chakula, na baada yake kidogo. Siku njema kuliko zote tangu nistaafu.

Alhamisi, 5 Agosti

Nasikia Sadoki ataipa shule ngoma ya gwaride. Sawa. Mimi ninazo stempu za Mjerumani. Krismasi nitaziweka madhabahuni, watu wote wakiona. Eunike, ambaye ananipikia lakini haongei, leo ameongea: ameuliza ni mnyama gani atafuata. Nimemtuliza. Stempu ni karatasi, na hakuna duniani anayenadi karatasi.

Tayari nimeziloweka katika maji ya sabuni. Wino unatoka vizuri sana.