Wasifu Wangu, Ukurasa wa Kwanza

Jumamosi, 1 Juni 2024
Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu. Ukungu mtoni asubuhi yote. Nimekaa mlangoni nikiota jalada la kitabu: jina langu, Désiré, kwa wino mwekundu. Kumbe kuna tatizo. Kundi letu la watunzi wa hadithi linachapisha kitabu, na Papa Waziri, mzee wetu na prezida wa kundi, ametaka kila mmoja alete wasifu wake: alizaliwa wapi, vita vilimkuta wapi. Wasifu utakaogusa mioyo zaidi ndio utakaofungua kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa gari-moshi. Wakati wa vita alilala miezi saba ndani ya behewa lililokwama. Bibiche alijifungua msituni. Arsène alichimba madini Kalima, wenye bunduki wakimsimamia. Na mimi? Nilikuwa na miaka minane. Nilikaa nyumbani kwa mama, hapa hapa. Chumvi iliadimika, basi. Mama aliifunga kwenye kitambaa, akakichovya chunguni mara moja, akakitoa, akakitundika tena ukutani. Nani atalilia kitambaa?

Jumapili, 2 Juni
Nimepata njia! Nimejipeleka Punia, kule kwenye msitu mkubwa. Kwa kalamu tu. Nilipotea msituni miaka miwili, nikala uyoga na asali, nikalala kwenye mizizi ya miti, ndege akaniongoza hadi barabarani. Nimelia mwenyewe nikiandika. Punia sijawahi kufika.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma mbele ya kundi. Bibiche akafuta macho. Arsène akauliza huyo alikuwa ndege gani. Wivu! Nikamjibu kwamba mtoto mwenye njaa haulizi ndege jina. Papa Waziri akatangaza kuwa ukurasa wa kwanza ni wangu. Wakati wa kuvuka mto kurudi nyumbani, pirogi ikiteleza taratibu majini, nilihisi kama kweli nilitoka msituni. Hata miguu iliniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Mama mzee amebisha hodi, kuku mkononi. Mama Élisabeth, jirani wa Bibiche, mzaliwa wa Punia. Habari zangu zimemfikia. Mwaka 1998, walipokimbia, mtoto wa kaka yake alipotezana nao msituni. Alikuwa na miaka minane, kama mimi! Anamtafuta tangu siku hiyo. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniomba nimsimulie yote. Nilipaswa kusema ukweli. Ulimi ukawa mzito. Halafu, Mungu wangu, ukawa mwepesi: nikamwongezea kijito na mbalamwezi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kuku tumemla na sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mtamu. Nina aibu.

Jumamosi, 8 Juni
Amerudi. Ameleta mkeka na mafuta ya mawese. Ananiita mwanangu. Anauliza kama kule usiku nilisikia baridi. Alipoondoka, Arsène alipita na pikipiki yake, akazima mashine. Akaniambia polepole kwamba kitabuni nidanganye nitakavyo, lakini yule mama anatakiwa ama amlilie mtoto wake, ama amkumbatie, na mimi namzuilia yote mawili. Namchukia zaidi anaposema kweli.

Jumapili, 9 Juni
Nimeungama. Nimemwambia Mama Élisabeth kila kitu: vita vilinikuta Alunguli, msitu siujui, ninachokijua ni kitambaa cha chumvi. Hakukasirika.

“Nilijua tangu siku ya kwanza,” akasema. “Mutoto wetu alikuwa mwanamuke. Aliitwa Mamy.”

Nikamuuliza, basi kuku alikuwa wa nini?

“Nilitaka kusikia mutu anasema alitoka kule muzima. Hata kama iko uongo.”

Baadaye akaniomba nimweleze tena kile kitambaa. Akacheka, machozi yakamtoka. Kwao pia walifanya vile vile, na Mamy alikuwa akikinyonya kwa siri. Nimeapa. Kuanzia leo, kweli tupu.

Jumanne, 11 Juni
Nimekiri mbele ya kundi. Papa Waziri amenipokonya ukurasa, akampa Arsène. Arsène hakutabasamu hata kidogo, na hilo ndilo limeniudhi. Lakini Papa Waziri ameniambia niandike habari ya chumvi, kama ilivyokuwa, mistari mitano; ikiwa nzuri ataangalia upya.

Nimeanza. Mama, chungu, kitambaa. Mistari miwili, nikamaliza. Fupi mno! Halafu hiyo chumvi ilitoka wapi? Lazima kuna mtu aliileta. Kwa pirogi, bila shaka, ndani ya ukungu, risasi zikilia ng'ambo. Mwenye pirogi ana miaka minane. Ni mimi. Mbele yangu amekaa msichana, anaitwa Mamy, anapiga kasia vizuri kuliko mimi, huku ananyonya kitambaa. Nimetufikisha Alunguli sote wawili, wazima. Kesho nitamsomea Mama Élisabeth kwanza. Arsène asiniulize aina ya pirogi. Mistari imefika arobaini, na ukurasa wa kwanza ni wangu.