Nondo Zote Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Asubuhi bosi katukusanya mbele ya karakana, katangaza kwamba stoo ya vyuma itapata msimamizi. Msimamizi atakuwa na meza yake, feni yake na kiti cha kuzunguka. Ijumaa bosi atakagua stoo, kisha atateua. Mimi ni fundi magari hapa tangu karakana haijaezekwa paa. Kiti hicho ni changu. Moyoni nimeshakikalia.

Mpinzani ni mmoja tu: mkerezaji wetu, anayechonga vyuma kwenye mashine, mama mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Tunamwita Unywele, kwa sababu hakuna kitu asichokipima kwa unene wa unywele. Hata sukari ya chai. Simwogopi.

Jioni, somo. Bosi kamleta mwalimu wa chuo atufundishe habari za vyuma, pale kantini, wiki mbili. Leo ilikuwa ugumu na ustahimilivu. Mwalimu aliuliza kama kioo ni kigumu. Nikawahi mkono. Nikasema kioo si kigumu hata kidogo na ushahidi ninao, nimevunja vingi. Kantini nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akasema kioo ni kigumu mno, kinaweza hata kukikwaruza chuma laini, ila hakistahimili kipigo. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Ustahimilivu ni kukataa kuvunjika. Vitu viwili tofauti kabisa.

Kigumu kinachovunjika! Nimeandika. Nimepigia mstari. Sijaelewa.

Nimemuuliza mke wangu. Kasema yeye ana vyote viwili, tangu siku aliyoolewa.


Jumanne, 4 Machi

Nimeingia stoo kwa siri kuona pa kuanzia. Aibu tupu! Nondo zimelala kwenye rafu zao na kila moja imepakwa rangi kwenye ncha. Hii bluu, ile njano, nyingine nyekundu, nyingine nusu nyeupe nusu nyeusi. Kama watoto waliachiwa kopo wacheze. Bosi ni mtu wa usafi, anaweza kuacha mkutano akaokote kijiti. Nikajua hapohapo cha kufanya.

Kulikuwa na rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Wakati wenzangu wanakula, mimi nilipaka. Nilipaka mpaka jioni, nikijificha kila nikisikia viatu. Ncha zote, kijani moja, safi, inang'aa. Nilirudi nyuma hatua chache nikatazama. Nilikaribia kulia.

Somo la leo nimelikosa. Nasikia lilihusu rangi za vyuma. Rangi! Hapo angenifundisha nini?

Nimefika nyumbani nikakuta mama mkwe kapiga simu. Shafti, ule mhimili wa kuzungushia mashine yake ya kusaga, imekatika, magunia ya watu yamejaa mlangoni. Mama mkwe hajawahi kuniita jina lolote. Huniita "huyo". Nikachukua simu, nikamwambia kwa adabu zote kwamba Alhamisi atapata shafti mpya, ya chuma bora kuliko vyote, kutoka mkononi kwangu. Kisha akauliza kama kuna fundi mwingine.


Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Asubuhi Unywele kaingia stoo kuchukua chuma, katoka mikono kichwani. "Jamani, nani kafanya hivi? Nondo zote kijani!" Mimi nilikuwa nachunguza dari. Hapo ndipo nikasikia, pamoja na wengine, kwamba kila rangi ilikuwa ndiyo jina la chuma chenyewe. Bluu ni chuma laini cha kazi za kawaida. Njano ni cha kutengenezea shafti na ekseli. Nyekundu ni cha patasi na visu vya mashine. Bila rangi vyote ni ndugu mapacha: kijivu, baridi, vimenyamaza.

Bosi naye huyo, anakuja na kikombe chake.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia bosi kwamba kijani ni rangi ya chini tu, ya kutayarishia. Nikasema nimeanza kupanga stoo upya kwa utaratibu wa kisasa, na kufikia Ijumaa kila nondo itakuwa na rangi yake halisi. Bosi akanipiga bega. Akasema hatimaye kapatikana mtu anayefikiri mbele. Unywele alinitazama kutoka juu mpaka chini kama anayetaka kunifunga kwenye mashine anikereze.

Nikaanza kazi. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikapitisha kwenye nondo. Ya kwanza imenata. Ya pili imenata. Zote zimenata! Basi zote ni chuma kimoja na walizipaka rangi kwa kupenda makuu! Nilifurahi kwa muda wa chai nzima.

Jioni nikamuuliza mwalimu, kwa niaba ya rafiki yangu. Mwalimu akasema sumaku hunata kwenye karibu kila chuma cha stoo kama yetu. Ni sawa na kuwatofautisha watu kwa kuangalia nani ana pua. Akasema nimpe rafiki yangu pole. Halafu akaeleza habari ya cheche: ukikigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea la umeme, chenye kaboni kidogo hutoa cheche ndefu zilizonyooka, na chenye kaboni nyingi cheche zake hupasuka kama vinyota. Unywele aliuliza maswali mengi. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.


Alhamisi, 6 Machi

Nimefika karakana kabla ya mlinzi kumaliza kunawa uso. Nikawasha jiwe.

Nondo ya kwanza: cheche, na vinyota kiasi. Ya pili: cheche, na vinyota kiasi. Ya tatu sikuona, nilifumba macho. Ya nne imetoboa ovaroli mahali ambapo sitapaandika. Vinyota kiasi gani ndiyo vingi? Mwalimu hakusema. Au alisema.

Nikabadili mbinu. Nikazifunga kamba, nikazining'iniza, nikazigonga kwa nyundo nisikilize sauti. Zote zinaimba. Moja ilikuwa na huzuni fulani, nikaipaka nyekundu. Nyingine nilizipanga kwa cheche, nyingine kwa sauti, zilizobaki kwa moyo. Nilipofika mahali nimesahau bluu ni ya nini, nilipaka inayopendeza. Saa ya kazi ilipofika stoo ilikuwa na rangi nyingi kuliko siku ya kwanza.

Nikachukua nondo ya njano, nikampelekea Unywele akereze shafti ya mama mkwe. Akaanza, akasimamisha mashine. Akasema chuma hiki kinakatika kama sabuni, nina hakika ndicho? Nikamwambia kitu bora siku zote hakisumbui. Akainua mabega, akaendelea. Sitakataa, mkono wake ni mzuri.

Jioni niliifunga kwenye gazeti nikampelekea mama mkwe. Alinipokea mlangoni, vumbi la unga mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake magunia yamepangana hadi dirishani, na ya watu waliochoka kusubiri yalikuwa yakitolewa. Akaishika shafti kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, baba."

Baba! Miaka yote hii! Nimetembea hadi nyumbani nikimsalimu kila mtu, hata wasionijua.


Ijumaa, 7 Machi

Balaa la pili. Naandika hivyohivyo.

Mama mkwe kaja karakana asubuhi, kabla ya ukaguzi, kabeba kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akakiweka juu ya boneti ya gari nililokuwa natengeneza. Akakifungua taratibu. Shafti imepinda kama mpini wa mwavuli.

"Baba," akasema, "mimi niliomba shafti. Hii nitundikie koti?"

Akaniambia, kwa sauti ndogo sasa, kwamba wateja wake wameanza kuhamia kwenye mashine ya upande wa pili wa barabara. Watu wakishazoea kwingine hawarudi. Hiyo ilinichoma. Nikamwomba aketi kantini anywe chai, asitoke mpaka nimwite. Bosi alikuwa akingojewa wakati wowote.

Nikafikiri. Imepinda kwa nini? Kwa sababu ni laini! Basi dawa ni ugumu. Nikakimbilia nyekundu, ile yenye huzuni. Unywele akaikereza huku akilalamika kwamba inamla kisu cha mashine. Dalili njema! Akasema kwa ukali kwamba chuma hiki si cha shafti. Nilijua ni wivu. Ili kumaliza mambo kabisa, nikaipasha moto ikawa nyekundu kama nyanya, nikaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. Chwaaaa! Nikajaribu kuikwaruza kwa tupa. Tupa imeteleza! Hiyo ndiyo ngumu! Kulikuwa na kimstari chembamba pembeni, nikaona kinaipa sura.

Bosi akafika. Akapita stoo taratibu, akatabasamu. Akasifu rangi. Akauliza za shafti ni zipi, nikamwonyesha njano bila kusita. Nilikuwa nimebakiza pumzi moja kukifikia kiti. Nikaona nifunge kazi kwa fahari: nikamwita mama mkwe, nikamkabidhi shafti mbele ya bosi, kwa mikono miwili, nikiinama kidogo.

Mama mkwe si mtu wa sherehe. Aliigonga kwenye sakafu ya saruji, kuipima.

Imekatika vipande viwili. Kama sahani.

Hata Unywele hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwalimu akaitwa, akaangalia mahali palipokatika. Akaeleza kwamba chuma hiki ni cha patasi, na kikitoka kwenye maji lazima kipashwe tena moto wa upole, kilegee kidogo. Bila hivyo kinabaki kigumu kisicho na ustahimilivu, na ule mstari ulikuwa ufa. Nikamkumbusha kwamba hata yeye kasema ni kigumu. Tupa iliteleza! Basi kosa langu liko wapi? Akavua miwani akafikicha macho.

Kisha bosi akauliza, pole pole, kama kuna nondo hata moja stooni ambayo nina hakika nayo. Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale, kashika nusu shafti.

Nikasema hapana.


Jumamosi, 8 Machi

Unywele ndiye msimamizi. Cheo kimemfaa. Kiti nimekiona, kinazunguka kweli.

Adhabu yangu: kukata kipande kwenye kila nondo kwa msumeno wa mkono, vipelekwe chuoni kupimwa. Mwalimu kasema vingine hata chuo kitakuna kichwa.

Unywele alipata nondo moja ya shafti iliyokuwa bado kwenye karatasi ya kiwandani, rangi yake haijaguswa. Jana hiyohiyo akaikereza, akaipeleka mwenyewe, akaifunga. Leo nimepita kule. Mashine inanguruma, watu wamerudi, si wote. Mama mkwe na Unywele wameketi juu ya magunia wakicheka pamoja, sijui wanamcheka nani. Nilitaka kuingia, nikageuza njia. Mke wangu kaniletea salamu: mama yake anasema nina moyo mzuri, ila nisiguse chuma.

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Nusu yake ni sifa.


Jumatatu, 10 Machi

Siku njema! Unywele si mtu mbaya. Kanionea huruma na msumeno, kanipa makasha ya bolti niyapange. Kasema kazi hii haina rangi, siwezi kuharibu.

Nimefungua makasha. Fujo ya ajabu! Bolti nzuri, mpya, lakini kuna mtu kazichafua. Baadhi zimegongwa vinambari kichwani, 8.8, nyingine 10.9, nyingine hazina kitu. Hakuna aliyeona? Mteja atatufikiriaje? Nikawasha lile jiwe la kunolea, nikaanza kuzisafisha moja moja. Vichwa vyote laini sasa, vinang'aa kama vifungo vya koti jipya, huwezi kujua ipi ni ipi. Nimezimwaga zote kwenye kasha moja kubwa.

Nasikia somo la leo ni jinsi ya kusoma nambari za bolti. Nimetuma udhuru, kazi imenibana.

Unywele bado hajaona. Atafurahi kweli.