Kwa Nini Mmemchukua Doto Mkamwacha Kulwa

Pasiansi, Mwanza
9 Septemba 1996

Kwako Afande Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Maofisa Wanafunzi,

Shikamoo. Kabla ya malalamiko, naomba nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa ofisa wa jeshi. Sijalisema kwa sababu hata darasani nikiitwa jina naitika kimoyomoyo, na mwalimu huandika kwamba sipo. Kwa hiyo naandika.

Wiki iliyopita kamati yako iliwafanyia usaili kaka zangu mapacha. Ikamchagua Doto, ikamwacha Kulwa kwa sababu ya mbio. Nyumbani hatukuridhika, kwa hoja hizi:

1. Kwetu Wasukuma pacha mmoja hapewi kitu mwenzake akakosa. Mama akienda mitumbani hurudi na mashati mawili. Hata surua waliugua pamoja. Ninyi mmetuletea nafasi moja.

2. Mama amekataa kumfungia Doto mizigo. Anasema, "Huyo afande alizaliwa peke yake, hajui." Bibi naye amevuka kutoka Sengerema kuja kuuliza kama huko jeshini hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa mapacha.

3. Kama nafasi ni moja, wagawane. Doto avae nyota bega la kushoto, Kulwa la kulia. Vitani adui atadhani ofisa yuleyule yuko sehemu mbili, na serikali italipa mshahara mmoja.

4. Kama kugawana hakuwezekani, haki ni kuwaacha wote. Nafasi apewe mtu wa nyumba hiyohiyo aliyezaliwa peke yake, ili asiwepo wa kulalamika. Kwetu mtu huyo ni mmoja tu. Tangazo lenu nimelisoma mara nyingi. Halikusema wasichana wasiombe.

Mama, bibi na mapacha wanakusalimu. Nisalimie wajumbe wote, hata yule aliyeshika saa ya mbio.

Ni mimi, mtiifu kwa maandishi,
Selina Masalu
Kidato cha Tano

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliwasomea kaka zangu. Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mbio za Doto walikimbia wote wawili, kama wanavyogawana kila kitu. Doto alikwenda nusu ya kwanza, akafika nyuma ya yale mawe makubwa, akamvulia Kulwa fulana yenye namba, naye akamalizia. Ilipofika zamu ya Kulwa, Doto alitakiwa kumsaidia vilevile, lakini mshindi alikuwa ameshaitwa kupimwa kifua. Kulwa akakimbia nusu zote mbili na uchovu wake, akawa wa mwisho.

"Sasa hapo afande ana kosa gani, dada?" akaniuliza.

Hoja tatu za kwanza nazifuta. Ya nne naomba ibaki. Baada ya hapo nilivaa raba za Doto, nikajaza karatasi mbele zisinivuke, nikaenda kwenye njia ileile ya mbio nikaanza kukimbia. Nyuma ya mawe hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nikamalizia mwenyewe.