Kijiko Nyuma ya Mkono

Jumatatu, 8 Septemba 1986

Hatimaye Maalim Nasor, mwalimu wetu wa uchoraji, ametupa kazi ya maana. Zahanati moja ya ng'ambo, Mnarani, inataka kijitabu cha picha kwa akina mama wasiojua kusoma: namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Wanafunzi wote wanane tuchore ukurasa wa kwanza. Atakayeeleweka zaidi atachora kijitabu kizima, na jina lake litachapishwa. Gerishom ni jina zuri kuchapishwa. Nimeshafikiria litakaa wapi.

Sharti moja la kuudhi. Kabla ya picha safi, kila mtu alete rasimu kumi. Kumi! Maalim anasema wazo la kwanza ni la kila mtu, la nane ndilo lako. Mimi la kwanza ni langu. Sichori rasimu hata moja.

Jumatano, 10 Septemba

Picha imekamilika. Mama ameinama juu ya jagi, mtoto mapajani, mkono unatia chumvi. Kanga peke yake imenichukua saa kumi na moja nzima: nakshi za korosho, nukta, pindo. Nimeiandika MLANGO WANGU SI WA KUCHUNGULIA, iwe kanga ya kweli. Na kivuli cha ule mkono! Pwani hii hakijawahi kuonekana kama hicho.

Kabibi, anayekaa mbele yangu darasani, amechora rasimu kumi na nne. Mbaya zote. Tena amezipeleka bombani kuwauliza wanaochota maji wanaona nini. Nikamwambia msanii haombi ruhusa bombani. Akaniuliza zangu ziko wapi. Nikasema ziko nyumbani.

Sasa lazima ziwepo nyumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Alfajiri nimechora rasimu kumi kinyumenyume, kutoka picha safi kurudi nyuma, kila moja mbovu kuliko mwenzake. Ya saba ilichukua dakika mbili: mwanamke hana uso, kijiko kikubwa kuliko kichwa chake. Ili zionekane zimeteseka, nikazipanga pamoja nikazimwagia chai ya rangi. Ukizitazama, kazi ya wiki nzima.

Maalim alizifunua mojamoja. Akazirudia. Akasema doa la chai limekaa pembe ileile katika zote kumi.

"Rasimu zako, mwanangu, zimetotolewa siku moja kama vifaranga."

Darasa likacheka. Kabibi hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikajitetea kwamba mimi chai hunywea mahali pamoja kila siku. Maalim hakunirudishia karatasi. Alizitia mkobani pamoja na picha safi.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi tumevuka kwa feri hadi zahanati. Nesi Mumbua akatuketisha nyuma, tusiseme neno. Wanawake sita walioleta watoto kupimwa uzani wakaonyeshwa picha zetu.

Yangu ilipotolewa, waliinuka. Nikawatupia jicho wenzangu. Kisha nikasikia wanachouliza: kanga ile inauzwa duka gani? Mmoja wao, Bi Tima, akaomba asomewe maandishi. Aliposomewa akamgeukia jirani yake, akasema anajua fika nani amekwenda kumchongea kwa mchoraji. Wakazozana mpaka watoto wakalia.

Nesi akawatuliza, akauliza chumvi ni kiasi gani. Wakatazama tena. Kijiko hakionekani. Kimo nyuma ya mkono, ndani ya kivuli changu. Bi Tima akasema mbona ni wazi, mama anatia kwa mkono, konzi nzima. Yeye angetia mbili, mwanawe ana mwili.

Nesi Mumbua hakumtazama Bi Tima. Alinitazama mimi.

"Konzi nzima ya chumvi inaua mtoto."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na mizani. Yule mtoto wa Bi Tima alinichungulia begani kwa mamake. Ana meno mawili tu. Kwa muda kidogo sikukipenda kile kivuli. Kisha nikang'amua kwamba dirisha la zahanati ni dogo mno. Picha inahitaji mwanga.

Niliporudi, Maalim alikuwa akiwaonyesha rasimu yangu ya saba. Wote sita waliielewa papo hapo: nusu kijiko, jagi, mtoto anywe. Ya Kabibi waliielewa pia, na wakamcheka mtoto aliyemchora, kwa mapenzi.

Jumatatu, 15 Septemba

Uamuzi umetoka. Kijitabu ni cha Kabibi. Mimi, kwa sababu ya ile ya saba, nimepewa ukurasa wa mwisho, wa kunawa mikono. Ukieleweka, jina langu litachapishwa chini ya lake. Kazi iletwe Ijumaa.

Maalim aliniita kando. Akasema kwa upole kwamba mkono wangu unajua mengi kuliko ninavyouruhusu. Nichore michoro mibovu kwanza, niwaulize watu, nivumilie majibu. Nikamwambia nimemwelewa. Kabibi akanipa karatasi tupu kumi. Nikazipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeelewa kweli. Wale akina mama walikiona kipaji changu hata nilipokuwa nimekificha katika ile ya saba. Basi ya nini kukificha? Karatasi za Kabibi zimefaa sana chini ya mguu wa meza, haiyumbi tena.

Nimeanza na povu la sabuni. Mapovu mia na arobaini hadi sasa, kila moja lina dirisha lake linalong'aa. Simwonyeshi mtu. Karatasi inakaribia kujaa. Mikono nitaitafutia nafasi.